Mvua, Kilimia na Ilimu ya Ghaibu

Mwezi wa Machi, pale njiapanda ya Minjila ambapo barabara ya Hola na Garissa huachana na ile ya Garsen na Lamu, hapana mtu awezaye kukuambia kwa yakini upepo wa kesho utatoka wapi. Kaskazi imekwisha kuchoka na kusi haijapata nguvu. Mabaharia wa kale walikiita kipindi hiki tanga mbili, kwa kuwa chombo kiliweza kwenda ama kurudi, na katikati ya pepo hizo mbili huingia maleleji, ambayo asubuhi huwa shwari tupu yenye joto la kukaba roho, na alasiri huwa wingu jeusi litokalo upande wa Kipini, likatanda kana kwamba dunia nzima itazama, kisha likapita lisiangushe hata tone la kulaza vumbi. Siku ya pili mbingu ni safi kama hakikutokea kitu, na siku ya tatu, watu wakiwa wamekwisha kata tamaa, mvua hunyesha usiku kwa saa moja, ikakoma.

Kwa mtu wa mjini mambo haya ni mazungumzo ya kupitisha wakati tu. Kwa watu wa Tana ya chini ni hesabu ya riziki, na aghalabu ni hesabu ya amani pia. Maana Muorma na Mwardei, waliokuja na ng'ombe wao kunyweshea katika delta wakati wa kiangazi, hungoja dalili ya mvua huko bara ili waondoke, na Mpokomo mwenye shamba ukingoni hungoja dalili iyo hiyo ili wageni wake waondoke kabla mahindi hayajachipua. Mvua ikichelewa, ng'ombe hukaa. Ng'ombe wakikaa, hutafutwa malka, yaani njia ya kushukia mtoni, na njia hiyo huenda ikawa imekwisha kulimwa. Mapigano ya wafugaji na wakulima yaliyotokea mwaka 2012 katika nchi hii, sina haja ya kuyasimulia kwa msomaji wa pwani.

Basi kila mwaka, kabla masika hayajaingia, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa utabiri wake wa miezi ya Machi, Aprili na Mei, na kila mwaka, barazani baada ya sala ya alasiri, hatakosekana mzee mmoja wa kusema kwamba mambo haya hayafai. Hoja yake si ya kipuuzi. Aya ya mwisho ya Sura ya Luqman yataja mambo ambayo ilimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, na kuteremshwa kwa mvua ni mojawapo, pamoja na Saa ya Kiyama, yaliyomo matumboni mwa wazazi, atakachochuma mtu kesho, na ardhi atakayofia. Mzee huuliza: ikiwa jambo limetajwa safu moja na Kiyama, yule kijana wa Nairobi mwenye kompyuta amelipatia wapi? Wanaomjibu kwa kumcheka humdhulumu, kwa sababu swali lake lina umri wa zaidi ya miaka elfu na limeshughulikiwa na vichwa vikubwa kuliko vya wanaocheka.

Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwasalisha masahaba alfajiri pale Hudaybiya baada ya usiku wa mvua, kisha akawapa habari kwamba kati ya waja wamo walioamka wakimwamini Mola wao na wamo waliomkufuru. Waliosema mvua ni fadhila ya Mungu ni wa kundi la kwanza, na waliosema imetokana na nyota fulani ni wa kundi la pili. Kwa mtu wa pwani hadithi hii haiko mbali, kwani nasi tuna nyota yetu. Wakulima wetu tangu zamani hukitazama Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo ambacho Waarabu hukiita Thuraya: jioni za Machi huonekana magharibi, kila juma kikishuka zaidi, hata mwanzoni mwa Mei hupotelea katika mwanga wa machweo, na wakati huo masika yamekolea. Je, bibi aliyemwambia mjukuu wake apande kwa kuwa Kilimia kinazama, alikuwa amekufuru?

Imam Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoshika pwani hii kutoka Barawa hadi Ngazija, alilijibu swali hilo kabla ya kufa kwake mwaka 820, katika kitabu chake al-Umm. Alisema kwamba anayeitakidi kuwa nyota yenyewe ndiyo iliyonyesha, huyo ndiye aliyekusudiwa na hadithi. Ama anayesema tumenyeshewa kwa nyota fulani, akikusudia kuwa tumenyeshewa wakati wake, kama mtu anavyosema tumenyeshewa mwezi fulani, huyo hakukufuru, ingawa Imam alipenda watu watumie maneno mengine. Kisha akaleta khabari ya Sayyidna Umar, ambaye wakati wa ukame, akiwa juu ya minbari, aliuliza ni muda gani uliosalia wa nyota ya Thuraya, na Abbas akamjibu. Mimi sijaona jambo linaloikata hoja ya barazani kuliko hili: kiongozi wa waumini, aliye juu ya minbari akimwomba Mungu mvua, auliza papo hapo majira ya Kilimia, wala haoni kwamba swali lake limeibatilisha dua yake.

Hapa ndipo wanafalsafa walipogombana, nao waligombana kwa faida yetu. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia katika kitabu chake Tahafut kwamba baina ya tunachokiita sababu na tunachokiita matokeo hapana kifungo cha lazima. Pamba huungua ikikutana na moto kwa kuwa hiyo ndiyo ada aliyoipitisha Mungu, na akitaka haitaungua. Ibn Rushd alimjibu kwamba anayezikanusha sababu ameikanusha akili yenyewe, na ilimu yote itaporomoka. Kwa maoni yangu, mtabiri wa mvua anaweza kukaa kwa Ghazali asiaibike. Hadai kuwa bahari imelazimishwa kutoa mvua. Asema tu kwamba katika miaka tuliyopima, bahari ya Hindi ilipokuwa hivi na pepo zilipokuwa vile, ada ilikuwa hivi. Huo ni ushahidi wa mambo yaliyopita. Ghaibu imebaki mahali pake.

Na ushahidi wenyewe una daraja. Mafakihi wetu hupanga ilimu: juu ni yakini, chini yake dhana yenye nguvu, kisha shaka ambayo pande zake mbili hulingana, nao huruhusu watu wende kwa dhana yenye nguvu katika mambo makubwa, kama msafiri aliyepotewa na kibla akajitahidi kisha akasali. Utabiri wa majira hutolewa kwa mafungu matatu, mvua ya kuzidi kawaida, ya kawaida, na ya kupungua kawaida, kila fungu na asilimia yake. Ikiwa fungu la kuzidi limepewa asilimia 45, maana yake ni kwamba limeyashinda mengine mawili moja moja, lakini asilimia 55 bado ziko nje yake. Hiyo bado haijafika hata kwenye dhana yenye nguvu. Tena masika ni magumu kutabiriwa kuliko vuli, ambayo hufuata kwa karibu zaidi mambo ya El Niño na tofauti ya joto baina ya magharibi na mashariki ya bahari ya Hindi. Anayesikia namba hizo, akaenda kutangaza sokoni kwamba serikali imesema mvua itakuwa nyingi, kisha ikikosekana akasema serikali imesema uongo, yeye ndiye aliyeugeuza ushahidi kuwa ukuhani.

Ukitaka kuona namna ya kuipokea shaka kwa adabu, nenda mashambani upande wa Ngao wakati huu. Utamwona mama amepiga mashimo ya mahindi kwa mistari, ameangusha mbegu tatu katika kila shimo na kulifunika kwa kisigino, na alipofika nusu ya shamba amesimama, akafunga ndoo yake. Mbegu zilizobaki ni za tope, litakaloachwa mto ukipanda na kushuka. Sijui kama amesoma usul-fiqhi. Huenda ni Mkristo, kwani misheni ya Ngao ni ya karne ya kumi na tisa, na Injili yake nayo yawalaumu watu wanaojua kuusoma uso wa mbingu na kushindwa kuzisoma zama zao.

Lakini mto wa Tana haulifuati wingu la Minjila. Hutoka Nyandarua na Mlima Kenya, ukaja kilomita zipatazo 1,000, na maji yaliyonyesha huko juu huifikia Garsen baada ya siku kadhaa, pengine mbingu ya huku ikiwa kavu na jua linawaka. Ndivyo yalivyokuja mafuriko ya 1997 na 1998, yaliyobomoa kingo za mradi wa mpunga wa delta, na ndivyo yalivyokuja mengine mwaka 2018, 2023 na 2024. Isitoshe, katikati ya mlima na delta binadamu amejenga mabwawa matano, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988, na Masinga lililo juu yao linapojaa na kumwagika, maji hayo yana saa inayojulikana, na yana watu wanaoijua. Hapo sikubali mtu aniambie kwamba ni kudra, akanyamaza. Mvua ni kudra; habari kutofika kijijini kwa wakati ni taksiri ya watu, na kuibandika taksiri hiyo kwa Mola ni utovu wa adabu mkubwa zaidi ya ule ambao mzee wa barazani anauogopa. Mtume mwenyewe, mvua aliyoiomba ilipozidi kwa juma zima, hakuwaambia watu wavumilie tu. Aliomba tena ielekezwe pembezoni mwao, kwenye vilima na mabonde.

Kwa hiyo nina ombi kwa makhatibu wa Minjila na Garsen, na kwa wachungaji wa Ngao vilevile. Utabiri wa masika ukitoka, usomwe msikitini baada ya sala ya Ijumaa na kanisani baada ya ibada ya Jumapili, usomwe wote pamoja na asilimia zake, pasiondolewe shaka iliyomo, na msomaji ataje pia habari za mvua ya mlimani na hali ya mabwawa. Kisha iombwe dua ya mvua kama kawaida.