Waya Ukibadilishwa, Chanzo Kimejulikana?

Monita iliyounganishwa na laptopu imekuwa nyeusi. Waya wa HDMI unabadilishwa, picha inarudi, na waliopo wanakubaliana kwamba waya ule ulikuwa mbovu. Wamejua, au wamebahatisha? Nashikilia kwamba bado hawajajua. Katika tendo lile moja yamefanyika mambo kadhaa: waya mpya umeingia, pini ndani ya tundu zimesuguana upya, na kompyuta imesoma tena taarifa ambazo monita hujitambulisha nazo kila inapochomekwa. Lolote kati ya hayo laweza kuwa ndilo lililorudisha picha. Anayetaka kujua na aurudishe waya wa zamani. Giza likirudi, kisha likaondoka waya mpya ukiwekwa, ana haki ya kutoa hukumu. Picha ikibaki safi, waya ulisingiziwa. John Stuart Mill aliieleza njia ya namna hii katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843: linganisha hali mbili zinazofanana kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Ugumu wote umo katika hilo neno kimoja.

Pierre Duhem, mwanafizikia wa Ufaransa, alilitilia mkazo mwaka 1906 alipoonyesha kwamba dhana haipimwi peke yake kamwe. Hupimwa pamoja na dhana nyingine nyingi zinazoizunguka. Ndivyo ilivyo hapa. Chukua waya wa VGA, ambao rangi nyekundu, kijani na buluu hupita kila moja kwenye pini yake. Pini ya nyekundu ikipinda, ukurasa mweupe hugeuka kijani-buluu. Dalili inataja karibu kabisa mahali pa ugonjwa, lakini hata hapo haisemi kama njia ya nyekundu imekatika kwenye waya, kwenye monita au kwenye kompyuta. Kwa hiyo Duhem yuko sahihi, ila simfuati mtu atakayesema basi hatuwezi kujua lolote. Fundi akiipeleka monita na waya wake kwenye kompyuta nyingine, anaupunguza mzunguko wa watuhumiwa. Na monita ikiandika yenyewe kwamba haipokei mawasiliano, imeshatoa ushahidi kwamba umeme, kioo na taa zake vinafanya kazi.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni la kidini. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, alisema kwamba pamba ikigusana na moto tunachokiona ni kuungua pamoja na kule kugusana. Hatuoni kwamba moto ndio uliounguza. Mtendaji ni Mwenyezi Mungu. Ikiwa hivyo, kumtafuta mkosaji kati ya waya na tundu kuna maana gani? Nadhani kuna maana kubwa. Ghazali hakukanusha kwamba mambo huenda kwa desturi aliyoiweka Mungu, wala kwamba tunaijua desturi hiyo na kuitegemea. Kwa muumini, basi, mpangilio wa vitu ni kazi ya Mungu, na kuusemea kwa kubahatisha ni utovu wa adabu. Imani hiyo inamdai uangalifu zaidi.

Watu wa kazi watasema mteja halipii falsafa, analipia picha. Kwa waya wa bei nafuu nakubali. Lakini anayezoea kuhukumu kwa jaribio moja ataihukumu vivyo hivyo monita nzima. Mulika tochi kwa upande kwenye kioo cheusi wakati monita imewashwa: picha hafifu ikionekana, kioo kingali kinachora, na kilichokufa ni taa za nyuma au umeme unaozilisha. Katika monita za zamani, mara nyingi ni kapasita chache zilizovimba kichwani, ambazo fundi wa redio huzibadilisha kwa kipande cha risasi na chuma cha moto. Monita nyingi zimeishia jalalani zikiwa na ugonjwa huo mdogo, kwa sababu aliyezitazama aliona giza akasema kioo kimekufa.