HAKI YA MWILI JUU YA MWENYEWE

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi ndugu zetu Waislamu, jueni ya kuwa mwili ni amana. Mtume (s.a.w.) alipopata khabari ya kuwa Abdullah bin Amr afunga kila siku na kusali usiku kucha, alimkataza, akamfahamisha kuwa mwili wake una haki juu yake. Basi ikiwa hata ibada haiwi ruhusa ya kuudhulumu mwili, itakuwaje shibe? Na itakuwaje mchezo?

Wako kati yetu watu wawili wanaoikhini amana hii. Wa kwanza ni yule ashibaye mpaka pumzi ikamwia nzito. Hata Ramadhani, mwezi wa kujizuia, humtoka naye ni mnene kuliko alivyouingia. Wa pili ni kijana aliyeteguka kifundo cha mguu uwanjani, na siku ya tatu akafunga kitambaa akarudi kucheza, kwa kuchelea kuitwa mwoga. Wa kwanza twamlaumu; wa pili twampigia makofi. Lakini dhuluma yao ni moja.

Tazameni farasi wa Madina. Mtume alipowashindanisha, wale waliokwisha kutayarishwa kwa mbio, kwa kupunguziwa chakula na kutolewa jasho mpaka nyama zao zikakaza, walikimbia kutoka Al-Hafya mpaka Thaniyatul-Wadaa, maili 5 au 6. Wasiotayarishwa walipewa kiasi cha maili 1 tu. Kila mmoja kwa kadiri yake.

Basi mwenye uzito naye asijitese kwa njaa ya ghafula. Apunguze kidogo kidogo, nusu kilo au kilo moja kwa wiki yatosha. Atembee kwa haraka dakika 30, siku 5 za wiki. Na asiyezoea aanze na dakika 10, kisha aongeze.

Ama aliyeumia, na akumbuke ya kuwa Mtume mwenyewe alianguka kutoka juu ya farasi, akachubuka upande wa kulia, akasali hali ameketi. Ikiwa mbora wa viumbe aliikubali rukhsa ndani ya Sala, wewe ni nani hata ukatae kuketi kando ya uwanja wa mpira?

Kifundo kikiteguka, acha mchezo saa ile ile. Weka barafu iliyofungwa katika kitambaa, funga bendeji bila ya kukaza mno, na uinue mguu. Usikubali kukandwa kwa nguvu siku za mwanzo. Ukishindwa kwenda hatua 4, au mfupa ukiuma unapobonyezwa, nenda hospitali upigwe picha. Maumivu yakipungua, usilale tu: pinda na kunyosha mguu, kisha simama kwa mguu mmoja, kisha tembea, ndipo ukimbie, na mchezo uwe wa mwisho. Kifundo kisichopona barabara huwa chepesi kuteguka tena.

Nanyi wazee, walimu na wenzi wake, jueni kuwa amhimizaye majeruhi kurudi uwanjani ni mshirika katika dhuluma hiyo. Mguu ule si wa mpira peke yake: ndio uendao msikitini, ndio utakaochuma riziki ya watoto wake, ndio atakaoukalia katika tahiyatu uzeeni. Kikombe hushindaniwa kila mwaka. Mguu haupewi mwingine.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, atupe kiasi katika kula na subira katika kupona, na atujaalie kuirudisha amana yake hali tumeitunza. Amin.