Tusimnyamazishe Tamari

Somo: 2 Samweli 13:1-22



Tamari alipotoka kwa Amnoni hakuficha. Alijitia majivu kichwani, akararua vazi lake, akaenda akilia. Kila mwenye macho aliona. Absalomu akamwambia anyamaze, kwa maana aliyemtenda ni ndugu. Mfalme Daudi, baba yao, aliposikia alikasirika sana. Halafu? Hakufanya kitu.

Niseme ukweli, hata mimi nimewahi kuwa Daudi. Miaka iliyopita mama mmoja aliniambia msichana wa jirani yake anadhulumiwa na mjomba. Niliita wazee, tukakaa na familia, tukaomba, mjomba akaomba msamaha, tukanywa chai. Mtoto akarudi nyumba ileile. Nilidhani nimeleta amani, kumbe nimemfungia mlango. Baadaye alitoroka. Mpaka leo sijui aliko.

Wapendwa, tufungue macho. Mtoto mchangamfu ameanza kunyamaza, anaogopa kurudi nyumbani, ana alama zisizoeleweka. Nyanya amekonda, haogeshwi, na pesa zake za Inua Jamii zinaliwa na kijana wake. Mlemavu anafungiwa ndani wageni wakija. Hao ndio akina Tamari wetu.

Usiseme, "Hayo ni mambo ya boma la watu." Wala usingoje ushahidi, kuchunguza kuna wenye kazi hiyo. Kama ni mtoto, piga 116. Ni bure, usiku na mchana. Dhuluma ya kijinsia, hata kwa mtu mzima, piga 1195. Ama nenda kwa chifu, afisa wa watoto, au dawati la jinsia pale kituo cha polisi. Aliyenajisiwa afikishwe hospitali haraka, kabla saa 72 hazijaisha. Asioge kwanza, na nguo zake zisifuliwe.

Mtoto akikuambia, mwambie, "Nimekuamini, na si makosa yako." Usimuahidi kwamba utaficha.

Mtu atauliza, "Pasta, na msamaha?" Msamaha upo, lakini haufuti ripoti. Zakayo alipotubu alirudisha alichodhulumu. Hakuomba watu wanyamaze. Na mshukiwa akiwa mzee wa kanisa, ama hata mimi pasta wenu, usije kuniomba ruhusa. Ripoti.

Tuombe, ndiyo. Lakini tukisema amina, tuinuke twende.

Bwana atusamehe tulikonyamaza, na atupe ujasiri wiki hii. Amina.