Kaza Kabla ya Kupima

Mwanangu, Jumapili ulipoleta ile Subaru hapa Kariobangi Light Industries ulinionyesha karatasi ya mashine ya alaimenti, namba zote za kijani. Ukaniuliza kwa nini basi gari lilianza kuvuta kushoto hata hujamaliza raundi ya tatu ya mazoezi. Sikukujibu, maana palikuwa na watu na jibu lenyewe lataka utulivu.

Karatasi ile haikudanganya. Inaeleza magurudumu yalivyotazama gari likiwa limesimama kwenye sakafu laini, bila dereva, bila mawe. Lakini gari likirushwa, mashine haipo tena. Vinavyoyashikilia magurudumu ni bushi, tairodi, boljointi, beringi na nati. Kimoja kikilegea, namba zinaondoka nacho. Kwa hiyo inua kila pembe kwa jeki, shika tairi kushoto na kulia ulitikise, kisha juu na chini. Likicheza kushoto na kulia, anzia kwenye tairodi. Likicheza juu na chini, tazama beringi na boljointi. Usipime chochote kabla ya kumaliza hapo. Ukipima gari linalocheza umepoteza pesa ya mama yako.

Bushi nazitaja peke yake kwa sababu zinaniuma. Raba ile imeshikwa na chuma ndani na nje. Ukikaza bolti yake gari likining'inia, raba inafungwa ikiwa imelala upande. Ukiteremsha gari, inakaa imesokoteka saa zote, na mashimo machache yanatosha kuichana. Legeza kwanza, teremsha gari likae kwa miguu yake, litikise mara kadhaa, ndipo ukaze. Mimi nilikaza hewani, usiku, tukiharakisha gari la kijana aliyekuwa akishindana kesho yake. Alitoka kwenye kona ya mchanga akagonga mgunga, akavunjika mkono. Nilipofungua nyuma, bushi zote mbili zilikuwa zimechanika, na niliijua kazi ya mkono wangu. Nilikwenda kwao kumwambia. Hadi leo sikazi bushi gari likiwa juu.

Kwenye gari lako kuna bolti nyingine ya kuangaliwa: ile ya juu inayoshika mguu wa shoki ya mbele. Kitovu chake kimekaa pembeni, ukiizungusha gurudumu linainama. Ndiyo hiyohiyo huteleza ukigonga jiwe. Futa grisi yote, weka nati mpya, kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kisha piga mstari wa rangi nyeupe kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma. Fanya vivyo hivyo kwenye nati za tairodi. Mstari ukikatika, imesogea. Huhitaji mashine kukuambia.

Kukagua namna hii ndiko hufikisha gari mwisho. Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda mbio za magari za Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa kutajika. Alishinda tena 1974 na 1976, lakini kwangu hesabu kubwa zaidi ni hii: kati ya Safari 22 alizoanza alimaliza 19, zama ambazo njia ilipita kilomita 5,000. Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19, ilihamia Naivasha, na huko Kedong vumbi laini la fesh-fesh linaficha mawe. Utaona madereva wa kulipwa wakilala chini ya gari kando ya njia, wakirekebisha tairodi kwa mikono yao. Jifunze hilo kabla ya kujifunza kuteleza konani.

Kwa kazi ya kupima magurudumu bila mashine, kamba inatosha. Sawazisha upepo wa matairi, weka mfuko wa mchanga wenye uzito wako kwenye kiti, funga usukani ukiwa sawa. Vuta kamba mbili, kila ubavu moja, usawa wa kitovu cha gurudumu, ziende sambamba na gari. Pima kutoka kamba hadi rimu, mbele na nyuma. Magurudumu ya nyuma yatazame ndani kidogo, milimita moja au mbili, mkia utulie. Ukigeuza tairodi, geuza za pande zote mbili sawasawa, la sivyo usukani utakaa upogo. Andika kila kipimo kwenye daftari, na tarehe.

Na ukigonga kitu, hata ukingo wa barabara hapa Outer Ring, niambie siku hiyohiyo. Sitakukasirikia. Gari lililofichiwa pigo ndilo ninaloliogopa.

Kamba yangu iko msumarini nyuma ya mlango wa kibanda. Ichukue Alhamisi, urudishe kabla ya Jumamosi, kuna gari la mashindano linakuja asubuhi.