Nani Aliamua Sekunde 10 Si Kitu?

Tovuti ikikwama, wengi wetu hulaumu mtandao. Kumbe mara nyingi shida iko nyuma kabisa, kwenye hifadhidata. Swali limetumwa kutafuta rekodi yako, na kwa kuwa hakuna faharasa, linapekua rekodi zote milioni moja, kama mtu anayesaka jina kwenye daftari lisilopangwa.

Kurekebisha huwa si ngumu sana. Kazi ni kugundua, na hapo ndipo naona suala la maadili. MySQL ina logi ya kuandika maswali yanayochelewa, lakini huja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha bila kubadilisha kitu kingine, inaandika tu swali lililozidi sekunde 10. PostgreSQL nayo haiandiki swali lolote la aina hiyo mpaka uiambie. Yaani tusipoamua kujua, hatutajua. Msee aliyengoja sekunde 9, kwa logi hiyo, hakungoja.

Utasema, si tuangalie wastani? Haya, piga hesabu. Watu 99 wamehudumiwa kwa sekunde 0.1, mmoja akangoja 30. Wastani ni kama sekunde 0.4, na ofisini kila mtu ametulia. Lakini huyo mmoja mara nyingi si wa bahati mbaya tu. Ni mwenye rekodi nyingi kuliko wengine: mwenye duka ambaye ameweka mauzo yake humo kwa miaka. Mfumo unamwadhibu aliyeuamini zaidi.

Sisemi kila kitu kiwe chapchap. Faharasa nayo ina gharama, maana kila rekodi mpya ikiingia, lazima faharasa pia iandikwe upya kidogo. Ukimpunguzia anayetafuta, unamwongezea anayeingiza. Ni lazima uchague, na huwezi kuchagua vizuri kama hujui nani anaumia. Kwenye PostgreSQL, amri ya EXPLAIN ANALYZE itakuonyesha kila hatua imekula muda gani. Haitakuonyesha ulikuwa muda wa nani.

Wahenga walisema kawia ufike. Sawa, lakini huyo amejikawiza mwenyewe. Anayecheleweshwa na mtu mwingine ana haki, angalau, ya kuhesabiwa. Kwa hivyo kama seva iko mikononi mwako, kabla hujagusa kodi, weka ile namba ya logi. Na ukiiweka, jiulize ungeweka ngapi kama anayengoja ni mamako, yuko saiba, na analipia kwa dakika.