Shingo ya Kunguru

Mwambie mkazi yeyote wa Dar es Salaam akuchoree kunguru bila kuchungulia nje. Atachukua penseli, atalijaza umbo zima weusi, kisha atakurudishia karatasi bila wasiwasi wowote, kama mtu aliyeulizwa jina la babake. Kunguru anamjua: kamwibia samaki, kamlia vifaranga, kamkatiza usingizi wa alfajiri. Lakini huyu kunguru wa mjini, aliyeletwa Zanzibar kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19 akaenea pwani yetu, ana shingo ya kijivu. Kijivu hicho huanzia kisogoni kikashuka hadi kifuani. Mimi nilichora ndege miaka kadhaa kabla sijakiona, na nilikiona tu siku mchoro wangu ulipokataa kata kata kufanana naye.

Kitu tukishakijua jina, jicho hupumzika. Jina linatosha kwa kumfukuza mwizi wa samaki; kwa kuchora halitoshi. Mkono una maswali yake: mdomo unaanzia wapi? Jicho liko juu ya mstari wa mdomo au sambamba nao? Bawa likikunjwa, mkia unabaki nje kiasi gani? Nilichokuwa nikichora miaka yote ile ni neno “kunguru”.

Na sisi Waswahili tuna mtego wa ziada. Ndege kwetu ni kiumbe, ni chombo cha angani, na tena ni fali: kuna ndege njema na ndege mbaya. Tumezoea kumsoma kabla ya kumtazama. Aliyeonewa zaidi ni bundi. Akitua juu ya paa, watu huanza kuhesabu wagonjwa waliolala ndani. Ametukodolea macho, wanasema, anachagua. Nilipojaribu kumchora ndipo nilipoelewa: macho ya bundi hayazunguki ndani ya fuvu kama yetu. Akitaka kukufuata unapopita, hana budi ageuze kichwa kizima. Kule kukodoa si nia mbaya, ni maumbile. Kisiwani Pemba yuko bundi mdogo asiyepatikana kwingine kokote duniani, anayeishi msituni na hata kwenye mashamba ya mikarafuu. Nashuku waliomsikia ni wengi kuliko waliomtazama.

Lakini nisijisifu, kuchora nako kuna ukatili wake. John James Audubon, aliyezaliwa mwaka 1785 katika nchi ambayo leo ni Haiti, aliwachora ndege wa Amerika kwa ukubwa wao halisi, picha 435 zilizochapishwa kati ya 1827 na 1838. Ili awachore aliwapiga risasi, akawashikiza kwa waya mbele ya ubao wenye miraba. Heroe wake hakuenea kwenye karatasi, japo ilikuwa na urefu wa karibu mita 1, ikabidi ainamishwe shingo hadi chini. Wengi huisifu sana picha hiyo. Mimi kila nikiitazama namwona ndege aliyeitii karatasi. Audubon huyo huyo, mwaka 1813 huko Kentucky, aliwaona njiwa wa kuhama wakipita kwa wingi hadi mwanga wa jua ukafifia. Wa mwisho wao alikufa kizimbani Cincinnati tarehe 1 Septemba 1914. Hawakumalizwa na wachoraji. Waliowamaliza ni wawindaji wa biashara na wakata misitu. Hata hivyo, mbele ya picha yao nzuri mtu hujiuliza ni nini hasa kilichohifadhiwa.

Kwa hiyo mimi nachora walio hai, na mara nyingi simalizi. Kulastara husimama matopeni maji yakitoka, kakauka kama kijiti, mpaka ufike kwenye miguu. Hapo ndipo anaporuka. Nimebahatika mara chache tu, na ndivyo nilivyojifunza kwamba lile “goti” linalokunjika kinyumenyume si goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe limefichwa manyoyani. Bibi yangu alilifunua daftari langu siku moja, akalipekua hadi mwisho, akaniuliza, “Mjukuu wangu, ndege wako wote vilema?”

Kesho kunguru akitua kwenye bati lako, jiwe liache kwanza. Tafuta penseli, uanzie shingoni.