Mizani ya Usawa
Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya Marekani iliridhia watu watengwe kwa rangi, mradi huduma ziwe sawa. Tujiulize: lau shule za weusi zingalikuwa na madawati na vitabu kama za weupe, dhuluma ingaliondoka? Mwaka 1954, katika kesi ya Brown, mahakama hiyo hiyo ilijibu la: penye kutengwa shuleni hapana usawa. Wapinzani wenyewe wakalithibitisha jibu hilo. Wilaya ya Prince Edward, Virginia, ilizifunga shule zake za umma tangu 1959 hata 1964. Weupe wakajifungulia zao, weusi wengi wakakosa pa kusomea. Avunjaye chungu ili mwenziwe asile, hakukusudia kamwe kugawa sawa.